Usafiri wa watu wenye ulemavu kutoka vijijini hadi Mombasa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Simu yetu hulia zaidi Jumapili jioni. Ndio wakati ambao familia ya Kinango, Samburu ya Kwale, Mariakani, Kaloleni au Ganze hukaa na kujiuliza: kliniki ni Jumanne, tutamfikishaje Mombasa? Sisi ni kikundi cha kujitolea kinachopanga safari hizo. Hatuna magari yetu. Tunachofanya ni kuwaunganisha abiria, wasaidizi wao, vijana wa bodaboda, wenye tuktuk, wenye matatu na wahudumu wa hospitali, ili safari isikatike njiani. Majibu haya yametokana na simu hizo.

Ni nani anayeweza kupangiwa safari?

Mtu yeyote mwenye ulemavu, awe amezaliwa nao au umempata ukubwani, uwe unaonekana au hauonekani. Aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, aliyepooza baada ya kiharusi, kipofu, kiziwi, mwenye ulemavu wa akili, mtoto mwenye mtindio wa ubongo: wote ni abiria wetu. Neno hilo, abiria, tunalishikilia. Mtu anayekwenda kupimwa mguu wa bandia si lazima awe mgonjwa, na akiitwa mgonjwa tangu asubuhi hadi jioni, hata dereva huanza kuzungumza na msaidizi badala ya kuzungumza naye.

Lazima niwe na kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu?

Kwetu si lazima. Lakini itafute, kwa sababu hufungua milango mingine mingi. Ili kuipata, kwanza unafanyiwa uchunguzi katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha unasajiliwa na Baraza. Uchunguzi huo nao unahitaji safari, na hapo ndipo wengi hukwama: hana kadi kwa kuwa hajafika hospitali, na hajafika hospitali kwa kuwa hana wa kumfikisha. Safari ya kwenda kuchunguzwa tunaipa kipaumbele sawa na ya matibabu.

Kwa nini mnauliza sana habari za njia ya kutoka nyumbani, ilhali ninakwenda Mombasa?

Kwa sababu safari nyingi hufia hapo. Ukishafika Mariakani, lami ipo na matatu za kwenda mjini hupita kutwa. Shida iko kati ya mlango wa nyumba na steji: mchanga, makorongo, ua wa miiba, mto ambao jana ulikuwa mkavu.

Tulipoanza kazi hii tulimpangia mzee mmoja wa upande wa Kinango gari zuri kabisa. Dereva alifika kwenye mkorosho tuliokubaliana saa kumi na mbili asubuhi, akangoja, akapiga simu isiyopatikana, akaondoka kwa kuwa alikuwa na abiria wengine. Mzee alikuwa hatua mia tatu tu kutoka pale, nyuma ya korongo. Magurudumu ya mbele ya kiti chake yalikuwa yamezama mchangani, na mjukuu wake alikuwa amechoka kusukuma. Walikuwa njiani tangu saa kumi alfajiri. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumepanga gari, hatukupanga safari.

Tangu siku hiyo tunahesabu safari kutoka kitandani hadi kitandani. Kabla ya safari ya kwanza, mtu wetu wa kijijini, mara nyingi mhudumu wa afya ya jamii au jirani, huitembea njia yote kwa miguu. Anaangalia ni wapi tuktuk inaweza kufika bila kukwama, ni wapi watu wawili watahitajika, na kama kuna kivuli cha kungojea.

Jambo moja dogo ambalo familia nyingi hazijaonyeshwa: kwenye mchanga, usikisukume kiti kwenda mbele. Kigeuze, ukiinamishe kidogo kiegemee magurudumu makubwa ya nyuma, kisha ukivute kinyumenyume. Yale magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanayozama. Na kama ndio kwanza unatafuta kiti cha kutumia kijijini, uliza kama kuna cha magurudumu matatu, chenye gurudumu kubwa lililowekwa mbele zaidi. Viti vingi vinavyotolewa kama msaada ni vya sakafu ya hospitali. Havikutengenezewa Bamba wala Samburu.

Niwaarifu siku ngapi kabla?

Siku tatu zinatutosha. Ukiwa umechelewa piga hata hivyo, huenda kuna gari linalopita njia yako na lina nafasi.

Mtaniuliza nini kwenye simu?

Kwanza tutaomba kuzungumza na abiria mwenyewe, kama anaweza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mtoto anaweza kutuambia mama yake huketi vizuri, kumbe mama anajua kwamba baada ya nusu saa nyonga humuuma asiweze kuvumilia.

Kisha tunauliza: unatumia kiti, gongo, fimbo nyeupe, au unabebwa? Kiti kinakunjika? Unaweza kusimama hata kidogo unapohamia kwenye siti? Unaketi peke yako bila kuegemea? Una kifafa, na mara ya mwisho kilikushika lini? Unatumia mpira wa mkojo? Unasikiaje, unaonaje? Nani anakuja nawe? Unatakiwa kufika saa ngapi, na nani atakupokea?

Huwa tunauliza pia kuhusu choo, ingawa watu huona haya. Tunaomba tusieleweke vibaya. Abiria wengi hujinyima maji tangu usiku wa kuamkia safari kwa kuogopa kwamba njiani hakuna choo watakachoweza kuingia. Kwa joto la huku kwetu hilo ni hatari, na kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo ni njia ya mkato ya kupata maambukizi ya mkojo. Tukijua mapema, tunapanga kituo chenye choo kipana na mlango usio na ngazi. Kunywa maji.

Mama anatumia kiti cha magurudumu. Apande nini: bodaboda, tuktuk au matatu?

Inategemea mwili wake kuliko umbali.

Bodaboda hufika hadi mlangoni, na ndiyo sifa yake kubwa. Inamfaa mtu anayeweza kuketi wima, kushika kwa nguvu na kukanyaga mahali pa miguu. Haimfai aliyepooza kiwiliwili, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, wala mtoto asiyeshikilia shingo.

Tuktuk ndiyo tunayoipenda zaidi kwa masafa mafupi. Sakafu yake iko chini, ina mgongo wa kuegemea, msaidizi anaketi ubavuni, na kiti kinachokunjika huingia nyuma au kufungwa juu. Udhaifu wake ni barabara mbaya: hutikisa sana, na kwenye mteremko wenye mashimo inaweza kupinduka.

Matatu ya watu 14 ni rahisi kupatikana lakini ngumu kupandwa. Mlango ni mwembamba, kuna ngazi ya kupandia, na makanga ana haraka. Tukiitumia, tunazungumza na dereva siku moja kabla, abiria wetu anapanda wa kwanza gari likiwa tupu pale steji inapoanzia, na anapewa siti ya mbele au ya kwanza nyuma ya dereva.

Gari lenye rampu na nafasi ya mtu kubaki kwenye kiti chake ndilo bora kwa asiyeweza kuhamishwa. Ni machache, kwa hiyo tunalipanga kwa siku za kliniki ambazo abiria kadhaa wa njia moja wanaweza kusafiri pamoja.

Kijana wa bodaboda amekubali kutubeba mimi na msaidizi wangu. Kwa nini nyinyi hamkubali?

Kwa sababu sheria ya barabarani inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, na kwa sababu tumeona matokeo ya mishikaki, yaani kupakiana zaidi ya abiria mmoja. Tumewahi pia kuona mama amefungwa kwa leso kiunoni mwa dereva ili asianguke. Familia ilifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini pikipiki ikilala chini, aliyefungwa hana pa kujinusuru. Kama hawezi kuketi bila kufungwa, basi bodaboda si chombo chake. Msaidizi apande pikipiki ya pili, au tutafute tuktuk.

Tunataka kutengeneza rampu ya mbao ya kupandishia kiti kwenye gari. Iwe na urefu gani?

Kanuni ya majengo ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Sakafu ya gari ikiwa sentimita 40 kutoka ardhini, hiyo ni karibu mita 5 za mbao, na hakuna gari litakalobeba ubao huo. Kwa hiyo rampu za magari huwa fupi na kali zaidi, na hazitumiwi na abiria peke yake. Mmoja anasukuma nyuma, mwingine yuko tayari kando. Tafuta mahali ardhi imeinuka, dereva aegeshe upande huo, na utapunguza ukali wa rampu bila gharama yoyote. Wekeni kingo pembeni ili gurudumu lisitoke. Wakati wa kushuka, abiria ashuke kinyumenyume, msukumaji akiwa upande wa chini.

Akibaki kwenye kiti chake ndani ya gari, kinafungwaje?

Kielekee mbele, kamwe kisikae kiubavu. Kamba nne imara, mbili mbele na mbili nyuma, zifungwe kwenye fremu ya kiti na kwenye sakafu ya gari, si kwenye magurudumu wala mahali pa kuwekea mikono. Kisha abiria mwenyewe avae mkanda wake. Watu hukosea hapo: kiti kimefungwa vizuri, mtu hakufungwa. Breki za kiti pekee hazitoshi.

Aliyeumia uti wa mgongo asafiri na mto wake, hata kama amehamia kwenye siti ya gari. Hahisi maumivu, na kidonda cha shinikizo, kile cha kukaliwa mahali pamoja muda mrefu, kinaweza kuanza kwa safari moja. Ajiinue au ainuliwe kidogo kila nusu saa hivi. Mfuko wa mkojo ukae chini kuliko kibofu muda wote.

Tunatoka upande wa Kwale. Tupite feri ya Likoni au Dongo Kundu?

Kama mko kwenye gari, barabara ya Dongo Kundu hupita madaraja ya Mteza na Mwache hadi Miritini bila kuvuka feri. Anayekwenda Port Reitz au Changamwe hana sababu ya kuingia kisiwani kwanza.

Kama mnatumia matatu hadi Likoni, feri haitozi nauli waenda kwa miguu, na kiti cha magurudumu huvuka vilevile. Angalieni maji. Yakiwa yamejaa, njia ya kuingilia feri huwa karibu tambarare. Yakipwa, na hasa siku za bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mteremko huwa mkali na unateleza. Hapo msishuke na kiti kikitazama mbele. Waendeeni wasimamizi mapema muwaombe kuingia kabla ya umati kufunguliwa. Asubuhi siku za kazi watu hukimbilia feri kama maji ya mafuriko, na aliye kwenye kiti huwa chini ya macho yao, hawamwoni.

Nani analipa nauli?

Tunajaribu kuigawa. Familia hutoa inachoweza, wahisani wa mtaani hujaza, na madereva kadhaa hupunguza bei kwa safari zinazopangwa kila mwezi. Bei tunakubaliana kabla gari halijaondoka, na dereva analipwa kwa M-Pesa ili kila upande uwe na kumbukumbu.

Tunasema waziwazi kwamba hesabu ni ngumu. Mtu mwenye ulemavu mkubwa aliye kwenye Inua Jamii, mpango wa posho wa serikali, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Chukua mfano wa bodaboda ya 150 hadi steji, matatu ya 200, na tuktuk ya 150 hadi hospitali. Hiyo ni 500 kwenda, 1,000 na kurudi. Msaidizi naye ni 1,000. Posho ya mwezi mzima imekwisha kwa kliniki moja, na hakuna aliyekula. Ndiyo maana tunasisitiza kuwakusanya watu wa njia moja siku moja, na ndiyo maana tunaiomba hospitali iwape abiria wa Kaloleni tarehe zinazolingana badala ya kumtawanya kila mmoja siku yake. Barua moja ya mratibu wetu kwa idara ya kliniki imewahi kutuokolea nauli kuliko michango ya miezi.

Makanga amenikataa, au amenitoza nauli ya kiti changu. Nifanye nini?

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kuvifikia, kwa kadiri inayofaa, vituo, usafiri wa umma na habari. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na sasa tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Kwa hiyo huombi hisani.

Andika nambari ya gari, jina la sako (chama cha wenye matatu) lililoandikwa ubavuni, saa na mahali. Anza na ofisi ya sako. Mara nyingi mwenyekiti humaliza jambo siku hiyo hiyo, kwa sababu hataki jina la magari yake lichafuke. Ikishindikana, peleka kwa NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, au kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Tutakusaidia kuandika.

Mimi ni kiziwi. Nitapangaje safari kwa simu?

Tuandikie ujumbe. Dereva naye tunamwambia asipige simu. Atume ujumbe akifika, na asipige honi akidhani utaisikia. Tunakutumia nambari ya gari na rangi yake. Kama kliniki haina mkalimani wa lugha ya ishara, tueleze mapema. Kumfikisha mtu hospitalini kisha asielewane na daktari ni nusu ya safari.

Na kipofu, au mwenye ualbino?

Kipofu: dereva ajitambulishe kwa jina, amwachie abiria amshike kiwiko, asimvute wala kumsukuma, na amwambie wazi amemshusha wapi: "Uko mbele ya lango kuu, ukuta uko mkono wako wa kulia." Mwenye ualbino: asingojeshwe juani. Dereva anayechelewa dakika arobaini barabarani isiyo na mti anamwunguza mtu.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Naweza kumpakata?

Akiwa mdogo, wengi hufanya hivyo kwa kukosa njia nyingine, lakini gari likifunga breki ghafla mikono yako haitamzuia. Tuambie uzito wake na kama anashikilia shingo. Tunazo njia za kumtengenezea egemeo kwa mto na leso iliyokunjwa ndani ya siti yenye mkanda. Usimlishe gari likiwa linatembea, anaweza kupaliwa.

Msaidizi ni lazima?

La. Mtu mzima anayejiweza asafiri peke yake akitaka. Familia zisiogope kupita kiasi.

Binti yangu hazungumzi. Nitajuaje yuko salama na dereva?

Swali hili tunalichukua kwa uzito kuliko yote. Mtoto, na mtu asiyeweza kujieleza, hasafiri peke yake na dereva mmoja. Awe na msaidizi ambaye familia imemchagua. Madereva wetu wanajulikana kwa jina na kitambulisho kwa mwenyekiti wa steji yao, na muda wa kuondoka na kufika huandikwa. Ukiona mabadiliko, anaogopa gari fulani, ana michubuko, analia akivuliwa nguo, usingoje uhakika. Piga 116 kwa mtoto, au 1195 kwa ukatili wa kijinsia, kisha utuambie. Hatutamlinda dereva yeyote.

Taarifa zangu mnaziweka wapi?

Kwenye daftari linalofungiwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Katika kundi la madereva tunaandika tu "abiria 1, kiti kinachokunjika, Rabai, saa kumi na moja alfajiri." Jina hupewa dereva aliyechukua safari. Picha za abiria hatupigi kwa kutafutia misaada.

Wakati wa masika mnafanyaje?

Kuanzia Aprili hadi Juni tunapunguza safari za njia za udongo, na tunaomba kliniki zisizo za haraka zisogezwe. Dawa za kifafa hazisogezwi. Hizo tunamtuma mtu azichukue mapema kabla njia hazijakatika. Mto ukijaa, hakuna abiria wetu anayebebwa kuuvuka, hata waliozoea wakisema maji ni ya magoti.

Ni dharura. Mnaweza kuja sasa?

Hapana. Sisi si ambulensi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu zaidi, wao waitishe ambulensi.

Nataka kuanzisha uratibu kama huu kijijini kwetu. Nianze wapi?

Usianze na gari. Anza na daftari na miguu yako. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na kuendelea, na vijijini 2.6 dhidi ya 1.4 mijini. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu wote duniani. Sehemu ya tofauti hiyo ni namna ya kuuliza, na sehemu nyingine ni watu waliofichwa chumba cha nyuma. Utawakuta ukibisha hodi mara ya pili na ya tatu, na zaidi ukienda na mtu ambaye mwenyewe ana ulemavu.

Kisha kaa na mzee wa kijiji na mwenyekiti wa bodaboda. Omba alasiri moja ya vijana wa steji, na walimu wawe watumiaji wa viti wenyewe. Waketishwe wao kwenye kiti, wasukumwe kwenye mchanga, washushwe rampu. Kijana aliyeonja hofu ya kushushwa akitazama mbele hatamfanyia mwingine hivyo.

Kila njia iwe na dereva wa pili. Kila safari ipigiwe simu mara tatu: jioni kabla, abiria akifika, na akirudi nyumbani. Ile ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na huko ndiko abiria huachwa: kliniki imechelewa, dereva ameondoka, giza limeingia. Tena andika safari zilizokufa na sababu yake. Daftari letu la safari zilizokufa ndilo lililotufundisha habari za mchanga, za choo, na za barua kwa idara ya kliniki.

Mnapeleka watu hospitalini tu?

La. Harusini, msikitini, kanisani, matangani, sokoni, kupiga kura, popote. Wahisani hupenda kuchangia safari za kliniki na husita tukitaja harusi. Sisi hatusiti.

Safari ya kwanza ya aina hiyo ilikuwa ya msichana wa upande wa Kaloleni aliyetaka kwenda Kongowea kujinunulia gauni. Tangu azaliwe alikuwa amevaa nguo walizomchagulia wengine. Alipita kibanda hadi kibanda, akarudi kwenye cha kwanza, akaomba kioo, akabishana bei. Dereva wa tuktuk alimngoja saa tatu na hakuongeza hata shilingi.